Mizani hairushi ngumi

Tangu Oleksandr Usyk wa Ukraine alipomlaza Daniel Dubois katika raundi ya 5 uwanjani Wembley, Julai 2025, na kuikusanya tena mikanda yote minne mikubwa ya uzani mzito, ubishi wa miaka nenda miaka rudi umerejea Nairobi. Uko kwa kinyozi, uko ndani ya matatu za Jogoo Road, uko kwenye makundi ya WhatsApp ambako mtu hutuma video ya sekunde 20 na kutangaza hukumu. Vijana wanasema mabondia wa leo ni majitu ya kilo 120 yenye wataalamu wa lishe, na kwamba Muhammad Ali angevunjwa mbavu kabla ya kumaliza mashairi yake. Wazee wanasema hawa wa leo ni wafanyabiashara tu, Ali angewazungusha mpaka wapate kizunguzungu, Foreman angewazika. Kisha Desemba 2025 Anthony Joshua akapigana Miami na Jake Paul, kijana aliyejulikana kwanza kwa video za mitandaoni, akamtoa raundi ya 6. Kila upande ukadai kwamba huo ndio ushahidi uliokuwa ukisubiriwa. Wazee: mmeona, ndondi imekuwa sarakasi. Vijana: na mnakumbuka huyo huyo Paul alimshinda nani mwaka uliotangulia? Mike Tyson wenu.

Tyson wa usiku ule alikuwa na miaka 58, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Hata anayelisema hajiamini.

Naona pande zote mbili zimekosea pa kupimia. Hoja kubwa ya vijana ni mwili, na hoja hiyo imevunjwa na bingwa wao wenyewe, mtu ambaye ni mdogo kuliko karibu kila aliyempiga tangu apande uzani mzito. Hoja kubwa ya wazee ni moyo, kana kwamba ujasiri ulikuwa mali ya akiba iliyokwisha Ali alipostaafu. Kilichobadilika kati ya enzi hizo ni kazi yenyewe: bondia anapanda ulingoni mara ngapi kwa mwaka, anapigana raundi ngapi, na ni nani duniani anayeruhusiwa kupanda. Sisi tuliosoma Kenya tunaelewa mitihani. Ali alikalia karatasi 61 katika ngumi za kulipwa na akaanguka tano. Usyk, hadi usiku ule wa Wembley, alikuwa amekalia 24 na kupita zote. Mwenye asilimia mia si lazima awe ndiye aliyejua zaidi. Inategemea aliulizwa nini, mara ngapi, na nani aliyetunga maswali.

Tuanze na mizani, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza na ndiyo inayodanganya zaidi. Oktoba 30, 1974, kengele ya pambano la Ali na George Foreman ilipolia Kinshasa saa kumi alfajiri kwa saa za huko, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, Foreman alikuwa kama jini. Alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, akammaliza Ken Norton kwa raundi mbili vilevile, na watu waliomjua Ali walikuwa wakihofia uhai wake. Jini hilo lilikuwa na kilo 100 kasoro kidogo. Ali alikuwa na 98. Sasa sikiliza: Novemba 2020 WBC, mojawapo ya mabaraza manne yanayotoa mikanda mikubwa, liliunda uzani mpya unaoitwa bridger, kwa mabondia wa kati ya kilo 90.7 na 101.6, kwa maelezo kwamba wanaume wa uzani mzito wamekuwa wakubwa mno na wadogo wanahitaji mahali pao. Ukiirudisha sheria hiyo nyuma, Ali na Foreman wa Kinshasa si wa uzani mzito. Sonny Liston wa 1964, Frazier aliyepigana na Ali Manila mwaka 1975, Larry Holmes wa 1980, hata Tyson aliyetwaa taji mwaka 1986 akiwa na miaka 20 na kilo 100 na kitu, wote wanaingia kwenye hilo daraja la wadogo. Rocky Marciano, aliyekuwa na kilo 85 hivi, haingii hata humo. Na vijana wangekuwa wamefunga mjadala hapo, kama si kwamba kabla ya pambano la Mei 18, 2024 jijini Riyadh Usyk alipanda mizani akasoma kilo 101.4. Yaani alikuwa bado ndani ya uzani wa bridger. Aliyesimama mbele yake, Tyson Fury, alikuwa karibu kilo 119 na urefu wa mita 2.06.

Raundi ya 9 ya pambano lile inafaa kutazamwa polepole, bila maneno ya mtangazaji. Usyk hutumia shoto, kwa hiyo mguu wake wa mbele ni wa kulia, na kazi yake usiku mzima ilikuwa kuupitisha mguu huo nje ya mguu wa kushoto wa Fury, hatua ndogo ya nusu unyayo, kisha nyingine. Ukiangalia ngumi tu huoni kitu. Ukiangalia miguu unaona jitu linalazimishwa kugeuka, na mtu wa kilo 119 akigeuka mara mia mbili hugharamika. Ngumi ya shoto ilipoingia, Fury hakuanguka chini. Alitangatanga kutoka kamba moja hadi nyingine kama mtu anayetafuta mlango gizani, Usyk akimfuata na kumwongezea, mpaka refa akaingia kati na kuhesabu kwa kuwa ni kamba tu zilizomzuia asianguke. Matokeo yalikuwa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Fanya hesabu: bila ile pointi moja ya kuhesabiwa, pambano lile lingekuwa sare. Taji zima la enzi hii lilining'inia kwenye hatua ya nusu unyayo.

Je, ukubwa basi hauna maana? Una maana, na hapa vijana wana nusu ya hoja. Wazee hupenda kukumbusha kwamba majitu yalikuwapo tangu zamani na yalipigwa: Jack Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha Jess Willard wa kilo 111 mara saba katika raundi ya kwanza, Julai 4, 1919, na Joe Louis, akiwa na kilo 90 kasoro, alimmaliza Primo Carnera wa kilo 118 mwaka 1935. Ni kweli, lakini Willard na Carnera walikuwa wakubwa bila ufundi. Lennox Lewis na ndugu wawili Klitschko, Vitali na Wladimir, walikuwa wakubwa wenye ufundi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Lewis alipokutana na Vitali Juni 2003, majaji wote watatu walikuwa na Vitali mbele 58-56 baada ya raundi sita, na kilichomwokoa Lewis ni mkato mbaya kwenye jicho la mpinzani. Hakupigana tena baada ya usiku huo. Wladimir naye alikaa na taji kuanzia 2006 hadi 2015, mkono wake wa kushoto ukiwa umenyooshwa mbele kama boriti, na hakuna mdogo aliyepata njia ya kuupita. Mtu aliyetazama miaka ile akisema kilo 98 hazitatosha tena, hakuwa mjinga. Alikosea tu kudhani kwamba mlango uliofungwa na ndugu wawili umefungwa milele. Ukubwa una bei yake, pumzi na miguu, na anayejua kuidai bei hiyo hulipwa. Fury alipoongeza mwili kwa pambano la marudio Desemba 2024, akapanda mizani na nguo zake na kufika kilo 127, majaji wote watatu waliandika 116-112, kwa Usyk.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi hapa kwetu, ni ile ya riadha. Inakwenda hivi: Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 kwa saa 2:15:16, Kelvin Kiptum wetu alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Wanariadha wote wamekuwa bora, kwa hiyo mabondia wote wamekuwa bora. Naelewa kwa nini Mkenya anavutiwa nayo, ila saa ya mkononi hairudishi ngumi. Mbio za marathoni zina kipimo kimoja kisichobadilika kati ya mtu wa 1960 na wa 2023, barabara na dakika, na hata hapo viatu vimebadilika. Ngumi hazina kipimo hicho. Kipimo cha bondia ni bondia mwingine. Na tukitaka kweli kutumia riadha, tuitumie yote. Mexico 1968, Kipchoge Keino alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 na Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya 3:33.1. Kwa karatasi Ryun alikuwa bora. Ben Jipcho akatoka kwa kasi ya kuua tangu mzunguko wa kwanza, Keino akaichukua kasi hiyo na kuiendeleza katika hewa nyembamba ya mita 2,240 juu ya bahari, na Ryun akamaliza kama mita 20 nyuma. Huko ni kwenye mbio, ambako hakuna anayemgusa mwenzake. Sasa mweke ulingoni mtu anayekuzuia kufanya unachokijua, halafu uniambie rekodi zinasaidia nini.

Wazee wana hoja nzito zaidi, nayo ni ya idadi. Mwaka 1941 peke yake Joe Louis alilitetea taji lake mara saba. Mwaka 1966 Ali alilitetea mara tano, akisafiri Toronto, London mara mbili, Frankfurt, kisha Houston. Usyk tangu apande uzani mzito Oktoba 2019 hadi Julai 2025 alipigana mara nane, dhidi ya wanaume watano tu: Chazz Witherspoon, Derek Chisora, Joshua mara mbili, Dubois mara mbili, Fury mara mbili. Miaka karibu sita, nyuso tano. Ali katika miaka kama hiyo alikutana na mwenye ngumi nzito, mwenye miguu, mwenye kuinama chini na kuja kama Frazier, mwenye kuvuka mikono kama Norton aliyemvunja taya mwaka 1973. Kila mmoja alileta swali lake, na Ali alishindwa baadhi ya maswali, akarudi kuyajibu. Frazier alimwangusha katika raundi ya 15 Machi 1971, na Ali akamshinda mara mbili baadaye. Norton alimshinda, naye akarudi kumshinda Norton mara mbili. Sisi leo tunaiita sifuri kwenye rekodi kuwa heshima. Louis alipigwa vibaya na Max Schmeling Juni 1936, na miaka miwili baadaye akammaliza kwa zaidi kidogo ya dakika mbili, na hakuna anayemdharau Louis kwa sababu ya ile ya kwanza. Kinyume chake, bila ya kwanza ile ya pili haina ladha.

Halafu kuna suala la raundi, ambalo nashangaa halitajwi kabisa kwenye ubishi wa matatu. Hadi mwanzo wa miaka ya 1980 pambano la taji lilikuwa raundi 15. Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki kutokana na majeraha aliyopata dhidi ya Ray Mancini, pambano lililosimamishwa raundi ya 14. WBC ikapunguza raundi hadi 12 mwaka uliofuata, na kufikia mwisho wa muongo mabaraza mengine makubwa yalikuwa yamefuata. Ulikuwa uamuzi wa kibinadamu na siupingi. Lakini tazama kinachotokea ukiupeleka nyuma. Juni 1941 Billy Conn, mwepesi kuliko Joe Louis kwa zaidi ya kilo 10, alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wawili kati ya watatu baada ya raundi 12. Akatolewa ya 13. Kwa sheria za leo Conn ndiye bingwa wa dunia, na utawala mrefu kuliko wote katika historia, wa mataji 25 yaliyotetewa, unakatika katikati. Septemba 1952 Jersey Joe Walcott alikuwa mbele kwa majaji wote watatu baada ya raundi 12, Marciano akamzimisha kwa mkono wa kulia katika raundi ya 13. Kwa sheria za leo Marciano anapoteza usiku huo, na ile 49 bila kushindwa, namba ambayo kila shabiki anaijua kama jina lake, haipo kabisa. Hatuzungumzii watu tofauti hapa. Ni watu wale wale, ngumi zile zile, ila sheria tofauti, na vitabu vya historia vinaandikwa upya.

Kwa hiyo anayemlinganisha Marciano na mtu wa leo lazima kwanza aseme wanapigana raundi ngapi, la sivyo anapiga soga tu. Na jambo la kuchekesha ni kwamba raundi 15 zingemfaa Usyk kuliko yeyote kati ya wenzake. Huyu ni mtu anayezidi kuchanua saa zinavyokwenda. Joshua katika pambano la kwanza, Septemba 2021, aliisikia kengele ya mwisho akiwa kwenye kamba anahangaika. Mwaka uliofuata Jeddah, Joshua alipata raundi yake nzuri kuliko zote, ya 9, na wengi tuliotazama tulidhani Usyk ameisha. Ya 10 Usyk akatoka kama aliyeamka usingizini. Mpe mtu huyo raundi tatu zaidi na majaji hawatakuwa na kazi.

Lakini wazee nao wana dai lisilo na miguu: kwamba zamani mabondia hawakukwepana. Harry Wills alingoja miaka yote ya Dempsey, 1919 hadi 1926, na hakupewa pambano la taji, na sababu ilikuwa rangi ya ngozi yake. Jack Johnson alipolipoteza taji mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuligombania hadi Louis mwaka 1937. Miaka 22. Mabingwa wa katikati ya miaka hiyo walikuwa mabingwa wa nusu ya dunia. Mwaka 1992 Riddick Bowe aliutupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka kuliko kukutana na Lewis. Ukwepaji ni wa tangu zamani. Wa leo una mawakili tu. Mwaka 2021 Fury na Joshua, Waingereza wawili, walikuwa na mikanda yote mikubwa kati yao, pambano likatangazwa, kisha kesi ya mkataba kati ya Fury na Deontay Wilder ikalivunja. Hapo wazee wana haki ya kulalamika, ila wasilalamike kana kwamba jambo hilo lilizaliwa juzi.

Na kuna mlango mwingine uliofungwa ambao wazee huusahau. Ali alipokuwa mkuu wa dunia, dunia hiyo haikuwa na Muungano wa Kisovieti. Bondia wa Kiukreni wa mwaka 1974 hakuruhusiwa kupigania pesa. Cuba nayo ilikuwa imepiga marufuku ngumi za kulipwa, ndiyo maana Teófilo Stevenson, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, 1972, 1976 na 1980, hakupigana na Ali wala na mwingine yeyote wa kulipwa. Mtu akikuambia enzi ya Ali ilikuwa na ushindani kuliko zote, muulize: ushindani wa nani? Ulikuwa mkali mno, lakini ulikuwa wa Marekani na marafiki wachache. Leo mashariki imefunguka, na Marekani yenyewe imepungua. Wanaume wakubwa wepesi wa miguu huko sasa wana mpira wa kikapu na ule wa Kimarekani unaolipa bila kupigwa kichwani kila siku (naam, na huo nao wanapigwa). Tangu Wilder aupoteze mkanda wa WBC kwa Fury Februari 2020, Wamarekani wamekuwa zaidi watazamaji wa uzani waliouita wao. Ziwa walikovuliwa samaki si lile lile, basi usishangae samaki kuwa tofauti.

Mlango huo wa mashariki ndio unaoipunguza makali hoja ya idadi. Usyk hadi Wembley alikuwa na mapambano 24 ya kulipwa, sawa, lakini kabla ya hapo alikuwa na zaidi ya 300 ya ridhaa, akamaliza na dhahabu ya London 2012, kisha akakusanya mikanda yote ya uzani wa cruiser, ulio chini ya uzani mzito, mwaka 2018. Kiasi kikubwa cha mtihani wake aliufanyia kwenye kumbi ambazo hakuna aliyelipia kiingilio. Ali alikuwa na takriban mia ya ridhaa. Kwa hiyo Usyk namweka kwenye meza moja na wakubwa bila kusita. Fury na Joshua siwezi bado, na sisemi hivyo kwa dharau: hawakuulizwa vya kutosha, wala wao kwa wao hawakuulizana walipokuwa kwenye kilele.

Kuna mtu mmoja aliyevuka kutoka enzi moja hadi nyingine kwa miguu yake, naye ni Foreman, aliyefariki Machi 2025. Novemba 5, 1994 alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na miaka 45, amevaa kaptura ile ile ya Kinshasa, na kwenye kona yake alikuwapo Angelo Dundee, kocha aliyekuwa kona ya Ali usiku ule wa 1974. Mpinzani wake, Michael Moorer, alikuwa mwenye shoto wa kwanza kuwahi kuwa bingwa wa uzani mzito, na miezi michache kabla alikuwa amemshinda Evander Holyfield. Foreman alikuwa nyuma kwa majaji wote. Raundi ya 10, kulia mbili, Moorer akalala chali. Mwenye kutaka kuwakweza wa zamani hukimbilia hapo na kusema: mzee wa 1973 alitosha 1994. Mimi naona jambo dogo kidogo na la maana zaidi. Foreman wa 1994 alikuwa na kilo 113, polepole kama trekta, na alishinda kwa kusubiri, jambo ambalo Foreman wa 1974 hakulijua kabisa. Kinshasa, alikoshindwa na Ali, ndiyo iliyomfundisha, na ilimgharimu taji. Bondia anayelindwa asipoteze angelipatia wapi somo hilo?

Sasa mtaniuliza lile lile. Usyk wa Wembley na Ali wa Novemba 1966, yule wa miguu, kabla hajanyang'anywa leseni. Urefu ni sawa, mita 1.91 wote wawili, na kilo zinakaribiana. Watu hutafuta jibu kwa Foreman au Frazier, ilhali jibu liko kwa Karl Mildenberger, Mjerumani ambaye wengi hawamkumbuki. Septemba 1966 Frankfurt, Mildenberger alikuwa mwenye shoto wa kwanza kugombania taji la uzani mzito, na Ali, akiwa kwenye ubora wake, alihangaika naye mpaka raundi ya 12 ndipo refa akasimamisha. Mildenberger hakuwa na nusu ya ufundi wa Usyk. Kwa raundi 12 nampa Usyk kwa pointi, kadi zikigawanyika. Kwa 15 nampa Ali, kwa sababu nimemwona Manila akitoa raundi ya 14 ambayo mwili wake haukuwa nayo. Na mwenye kupinga ana haki yake, ila aniambie kwanza raundi ngapi.

Ubishi huu ungekuwa burudani tu kama usingefika mahali pabaya. Majuzi niliingia kwenye ukumbi wa mazoezi mmoja hapa Eastlands. Kulikuwa na kijana wa kilo 93 akiruka kamba juu ya msalaba wa chaki uliochorwa sakafuni, miguu yake ikigusa kila robo ya msalaba bila kufuta mstari. Nilikuwa sijaona miguu ya namna hiyo kwa mtu wa uzani wake kwa muda mrefu. Kocha akamwita.

"Umeongeza ngapi?"

"Mbili, kocha."

"Kula, kijana. Huko nje wanakuja wa mia na ishirini."

Hakuuliza chochote kuhusu miguu. Kijana akaenda kwenye vyuma. Hiyo ndiyo gharama ya kuamini mizani: tunachukua kitu kigumu kupatikana, miguu, na kukibadilisha kwa kitu ambacho chapati na maharagwe hukileta bila msaada wa kocha. Nchi hii haijawahi kupata jina kwenye ndondi kwa wingi wa nyama. Philip Waruinge, wa uzani wa unyoya, alirudi kutoka Mexico 1968 na shaba pamoja na kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye michezo ile, juu ya waliotwaa dhahabu. Robert Wangila alimzimisha Mfaransa Laurent Boudouani kwenye fainali ya Seoul 1988, na hadi leo dhahabu hiyo ya ndondi ya Olimpiki ni ya pekee tuliyo nayo.

Kati ya majina hayo mawili kuna pengo, na pengo hilo lina maswali ambayo hayakuulizwa. Munich 1972 mabondia wa Kenya walirudi na medali tatu: fedha ya Waruinge, shaba za Dick Murunga na Samuel Mbugua. Montreal 1976 tulisusia pamoja na Afrika kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Kisha Februari 1980 Ali mwenyewe akatua Nairobi, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzunguka Afrika kuomba nchi zisiende Moscow. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye. Nairobi alipokewa na Rais Moi, na Kenya ikasusia. Kizazi kizima cha mabondia wetu kikakaa miaka 12, kutoka Munich hadi Los Angeles 1984, bila Olimpiki, wengine wakiingia na kutoka ulingoni bila hata kuusogelea mwaliko. Miezi michache baada ya ziara ile, huko Moscow, Stevenson alivishwa dhahabu yake ya tatu, na kwenye orodha ya mabondia waliofika hapakuwa na Mkenya hata mmoja.